UZI: Siasa kali za mrengo wa kulia zinapanda Ulaya na Marekani. Sisi wa Nairobi zatuhusu vipi?

Mwalimu wa Umoja (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Kila uchaguzi wa Ulaya ukipita naona hapa tunaujadili kama jambo la wazungu wenyewe kwa wenyewe. Nafundisha historia katika sekondari moja huku Eastlands. Jambo hili nimelifuatilia miaka mingi, mwanzoni kwa ajili ya darasa, siku hizi kwa sababu wanafunzi wangu wengi wa zamani wako Ulaya au wako mbioni kwenda. Nina hoja moja. Nitaieleza kwa urefu, kisha mnikosoe. Mwenye haraka arudi jioni.

Kwanza hali ilivyo. Mwaka 2002 Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa chama cha siasa hizo kali, alipoingia duru ya pili ya uchaguzi wa rais Ufaransa, nchi nzima ilishtuka. Watu walimiminika barabarani, hata wasiompenda Jacques Chirac wakampigia kura shingo upande, akashinda kwa zaidi ya asilimia 82. Miaka 20 baadaye, 2022, bintiye Marine aliingia duru hiyo hiyo akapata zaidi ya asilimia 41, na kesho yake watu wakaenda kazini kama kawaida. Chama ni kile kile cha 1972, jina tu ndilo lililobadilishwa 2018. Ujerumani, chama cha AfD kilizaliwa 2013 kikilalamikia mabilioni ya kuokoa sarafu ya euro. Februari 2025 kikawa cha pili nchi nzima kwa asilimia 20.8. Italia, chama cha Giorgia Meloni kilikuwa na asilimia 4 na ushei mwaka 2018, na 2022 kikapata 26 pamoja na kiti cha waziri mkuu. Austria, Septemba 2024, FPÖ kiliongoza kwa kura, na hicho ni chama ambacho kiongozi wake wa kwanza aliwahi kuwa afisa wa SS, kikosi cha Hitler. Uholanzi mliona chama cha Geert Wilders kikiongoza uchaguzi wa 2023. Marekani sina haja ya kuwaeleza.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mawili. Kuna wanaosema ni ugumu wa maisha: mdororo wa uchumi wa 2008, viwanda kufungwa, kodi za nyumba kupanda. Kuna wanaosema ni ubaguzi wa rangi tu, basi. Yote yana ukweli, ila hayajibu kwa nini sasa. Austria ni nchi tajiri. Na ubaguzi haukuzaliwa 2013. Wabaguzi walikuwepo miaka ya 70, wakiambulia asilimia moja au mbili na kupuuzwa. Naamini kilichobadilika ni mwenendo wa vyama vya kawaida. Vikiona kura zinahama, vinaazima maneno ya wenye siasa kali vikitumaini kuwarudisha wapiga kura. Sasa mwananchi akimsikia waziri anayeheshimika akisema yale yale aliyokuwa akiyasema mtu aliyetengwa na wote, anajiambia kumbe yule mtu alikuwa na haki siku zote. Kura anampa yule yule mwenye maneno yake.

Angalieni Ufaransa. Desemba 2023 serikali ya Emmanuel Macron ilipitisha sheria kali ya uhamiaji, na Marine Le Pen mwenyewe akasema ni ushindi wa kiitikadi kwa upande wake. Baraza la Katiba lilifuta vifungu vingi vya sheria hiyo mwezi uliofuata. Nusu mwaka haikupita vizuri, chama cha Le Pen kikaongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa bunge kwa thuluthi moja ya kura. Ujerumani, tarehe 29 Januari 2025, Friedrich Merz wa CDU, chama kikubwa cha wahafidhina, alipeleka bungeni hoja ya kubana wahamiaji, ikapita kwa msaada wa kura za AfD, jambo ambalo vyama vyote vilikuwa vimeapa halitatokea. Chini ya mwezi mmoja baadaye AfD kikapata mara mbili ya kura zake za 2021. Uingereza, serikali ya Labour ilifunga Julai 2025 viza ya wahudumu wa wazee kutoka nje, ambayo imewalisha Wakenya wengi, na kura za maoni zikaendelea kumweka mbele Nigel Farage, mwanasiasa anayepinga wahamiaji.

Na hili si geni. Ujerumani, Novemba 1932, kura za chama cha Hitler zilikuwa zimeanza kupungua, kikapata asilimia 33. Hakikuwahi kupata wingi wa kura katika uchaguzi huru. Wahafidhina kama Franz von Papen ndio waliomshawishi Rais Hindenburg amteue kuwa chansela tarehe 30 Januari 1933, wakiamini watamdhibiti ndani ya baraza la mawaziri. Kufikia Julai mwaka huo hapakuwa na chama kingine kilichoruhusiwa nchini.

Nairobi nayo ina historia yake, ambayo vijana wetu hawafundishwi vya kutosha. Miaka ya 1922 na 1923 Wahindi katika koloni hili walikuwa zaidi ya mara mbili ya wazungu, na London ilipopendekeza wapige kura pamoja na wazungu, walowezi walipanga njama ya kumteka gavana, Sir Robert Coryndon. Hofu yao ilikuwa kuzidiwa idadi. Watu waliokuja juzi, wameshika ardhi ya wengine, na mwenye ardhi anatembea na kipande, kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, kwenye kikasha cha bati shingoni, ndio walioogopa kuvamiwa. Kisha 1934 Lord Erroll, yule aliyekuja kupigwa risasi karibu na Karen mwaka 1941, alijiunga na chama cha wafashisti wa Uingereza cha Oswald Mosley. Aliporudi Kenya mwaka mmoja baadaye, walowezi hawakumtenga. Walimfanya rais wa umoja wao mkuu, uliojulikana kama bunge la walowezi.

Leo Kenya hatuna chama cha namna hiyo. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila au eneo. Lakini mwishoni mwa 2007 hatukuhitaji chama cha pembeni. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na maneno yaliyowatangulia yalitoka kwenye mikutano ya vyama vikubwa na kwenye baadhi ya redio za lugha za mama. Kiini ni kimoja kote: kwamba nchini mna wenye nchi na mna waliokaribishwa, na haki za waliokaribishwa zaweza kuondolewa wenye nchi wakichoka.

Karibuni.

Dada wa Erfurt

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nyumbani ni Kahawa West ila kwa sasa niko Erfurt, jimbo la Thüringen. Hapa ndipo AfD kilipoongoza uchaguzi wa jimbo Septemba 2024 kwa asilimia 32.8, mara ya kwanza kwa chama cha siasa hizo tangu Vita Vikuu vya Pili. Kiongozi wao wa hapa, Björn Höcke, mwaka huo huo mahakama ilimtoza faini mara mbili kwa kutumia kaulimbiu ya wanamgambo wa Hitler. Watu walijua, na bado walimpigia.

Niwaambie kitu nilichokiona kwa macho. Wodi yangu ni ya wazee. Wiki ya uchaguzi kulikuwa na mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, ana kipeperushi cha AfD kwenye kimeza cha kitanda, chini ya kikombe cha chai. Nilipoingia kumgeuza alikichomoa haraka akakisukuma chini ya mto, kikombe kikayumba, chai ikamwagika kwenye shuka. Nikabadilisha shuka. Akaniambia bila kuulizwa: "Si wewe. Wewe unafanya kazi." Ni mzee mpole, hajawahi kunitusi. Lakini mwenzangu wa zamu ni Msyria, naye anafanya kazi. Madaktari kutoka Syria ndio wengi zaidi kati ya madaktari wa kigeni Ujerumani. Yule mzee hajui kwamba hao "wengine" anaowaogopa ndio walio kwenye ratiba ya zamu.

Kuhusu hoja yako ya vyama vya kawaida nakubali, ila ugumu wa maisha usiupe nafasi ndogo hivyo. Huku mashariki, baada ya 1990, maelfu ya viwanda vya serikali viliuzwa au kufungwa na shirika lililoitwa Treuhand. Vijana wakahama, hasa wasichana. Nimeenda kijijini kwa mwenzangu mmoja: shule imefungwa, duka limefungwa, daktari amestaafu hakuletwa mwingine. Wageni ni wachache sana kule kuliko Hamburg. Chuki ni kubwa zaidi pale ambapo hawatuoni.

Otis_Donholm

Mwalimu heshima yako, umeandika vizuri, lakini wacha niseme kinachosemwa na wengi kwenye matatu. Kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Sisi wenyewe wageni wakija wakapewa vibanda vya Gikomba tungenyamaza? Si mara moja wafanyabiashara wa Kamukunji na Gikomba wameandamana kulalamikia Wachina wanaouza rejareja, na hakuna aliyewaita mafashisti. Mzungu akisema mji wake umebadilika haraka, asikilizwe.

Na mfano wako una tundu. Denmark chama cha kati, cha mrengo wa kushoto hata, kilichukua msimamo mkali wa uhamiaji. Matokeo? Chama chao cha siasa kali kilikuwa na asilimia 21 mwaka 2015, kikashuka hadi chini ya 9 mwaka 2019. Kwa hiyo kuazima maneno kulifanya kazi.

Mwalimu wa Umoja

Otis ndugu yangu, asante kwa kuleta Denmark, ndio mfano unaostahili kujibiwa kwa makini.

Ni kweli chama kilishuka. Lakini angalia kilichobaki kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kuwapekua waomba hifadhi na kuwanyang'anya pesa au mali inayozidi kroner 10,000. Mwaka 2018 zikaja sheria za mitaa ambayo serikali yenyewe iliiita ghetto. Ili mtaa uingie kwenye orodha, kigezo kimoja ni wakazi zaidi ya nusu kuwa na asili isiyo ya Magharibi, na katika hesabu hiyo mtoto aliyezaliwa Copenhagen, mwenye pasipoti ya Denmark, anahesabiwa kwa asili ya wazazi wake. Kwenye mitaa hiyo nyumba za kupanga zikabomolewa au kuuzwa, na makosa fulani yakawekewa adhabu maradufu. Chama kilipoteza viti, wazo lake likapata serikali. Mimi siogopi idadi ya viti. Naogopa siku ambayo mwananchi atapimwa kwa damu.

Kuhusu haki ya nchi kuweka mipaka, hatugombani. Serikali kusema tunachukua wauguzi 500 tu mwaka huu ni sera. Mfanyabiashara wa Gikomba akidai sheria ya leseni ifuatwe, ni haki yake. Siasa kali huanza pale mjadala unapohama kutoka kwa nani aingie hadi kwa nani, kati ya waliomo na wenye vitambulisho, ni mwenyeji kweli. Januari 2024 waandishi wa Correctiv, Ujerumani, walifichua mkutano wa siri uliofanyika karibu na Potsdam, wanasiasa wa AfD wakiwemo, ambapo mwanaharakati kutoka Austria, Martin Sellner, alieleza mpango wa kuwaondoa watu kwa wingi. Mamia ya maelfu ya Wajerumani waliandamana kwa wiki kadhaa. Walioandamana walielewa kwamba majirani zao wenye uraia nao walikuwa wakijadiliwa mezani pale.

Binti Islii

Mwalimu, sijui kama wengi hapa wanaelewa unachosema. Mimi naelewa kwa sababu nimekulia Section Three, Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi.

Aprili 2014, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate na milipuko ya hapa mtaani, ulikuja ule msako wa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kupigwa msasa. Nilikuwa kidato cha tatu. Askari waligonga usiku, wakamwomba mama kitambulisho, akatoa. Mmoja akakishika kwenye tochi, akakigeuza, akamwangalia usoni, akakirudia tena. Akauliza: "Hiki ulinunua wapi?" Mama amezaliwa Garissa, babu yake kazaliwa Garissa. Kaka yangu walimchukua, akarudi baada ya siku kadhaa na hakutaka kuzungumza. Waliokuwa wakitutetea hadharani walikuwa wachache sana. Redioni watu walipiga simu wakipongeza. Serikali ile haikuwa ya siasa kali, ilikuwa serikali ya kawaida.

Miaka yote vijana wetu, na Wanubi wa Kibra, wamekuwa wakiitwa mbele ya kamati kuthibitisha Ukenya wao kabla ya kupewa kitambulisho, huku jirani yao wa jina lingine anapewa bila maswali. Rais alitangaza kuufuta utaratibu huo Februari 2025, pale Wajir. Nilifurahi, lakini angalieni mlio wa watu uliofuata mitandaoni: "Sasa wageni watapiga kura." Ndiyo yale yale ya Ulaya, kwamba kuna mtu analeta watu wapya ili kubadilisha wapiga kura.

Na yamefika Afrika rasmi. Februari 2023 Rais Kais Saied wa Tunisia alisema kuna njama ya kubadilisha sura ya nchi yake kwa kuleta Waafrika weusi kutoka kusini mwa Sahara. Siku zilizofuata watu walifukuzwa nyumba za kupanga, wakapigwa barabarani, Guinea na Côte d'Ivoire zikatuma ndege kuwachukua raia wao. Afrika Kusini kundi la Operation Dudula, linalopinga wageni, wamesimama kwenye milango ya kliniki wakidai vitambulisho kwa wagonjwa. Hao ni Waafrika kwa Waafrika.

Otis_Donholm

Binti Islii, pole sana kwa ya kaka yako. Hiyo ya kugeuza kitambulisho kwenye tochi imenigusa. Bado naamini katika mipaka, lakini naona mstari Mwalimu anapouchora.

Mzee wa Kanisa

Bwana asifiwe ndugu zangu. Nimesoma uzi wote. Nataka kuuliza kwa dhati, maana kanisani kwetu wengi wanawaombea viongozi hawa mnaowakemea. Wanatetea familia, wanatetea uhai, wanamtaja Mungu hadharani. Tukiwakataa kwa sababu ya wahamiaji, si tutakuwa tumewaunga mkono wanaopinga mafundisho yetu? Msinijibu kwa ukali.

Mwalimu wa Umoja

Mzee wangu, sikujibu kwa ukali, na swali lako ni zito. Imani yako kuhusu familia ni yako, na sikuombi uibadilishe. Nakuomba umsikilize kiongozi hadi mwisho wa hotuba. Viktor Orbán wa Hungaria amesifiwa sana kwenye makanisa ya hapa kwa sera zake za familia. Julai 2022, akiwa waziri mkuu, alisema waziwazi kwamba watu wake hawataki kuwa taifa la rangi zilizochanganyika. Mshauri wake wa miaka mingi, Zsuzsa Hegedüs, alijiuzulu na kuifananisha hotuba ile na maneno ya Kinazi. Familia anayoitetea Orbán haina nafasi ya mjukuu wako aliyeoa Budapest.

La pili, tuangalie ni nani anayezungumza nasi na kwa pesa ya nani. Mwaka 2022 Mozilla ilitoa uchunguzi ulioonyesha jinsi CitizenGO, shirika lenye makao yake Madrid, lilivyotumia akaunti za Twitter hapa Kenya kuendesha kampeni za upotoshaji dhidi ya miswada ya afya ya uzazi na kuwashambulia wanaharakati. Unaweza kuupinga mswada ule kwa hoja zako mwenyewe, na ni haki yako. Lakini kelele nyingi zilizoonekana kuwa sauti ya Mkenya zilikuwa zimepangwa.

Na msisahau Cambridge Analytica. Ilikuwa kampuni ya kutumia data za watu katika kampeni za siasa, iliyofadhiliwa na tajiri Mmarekani Robert Mercer, na Steve Bannon, aliyekuja kuwa mshauri wa Trump, alikuwa makamu wa rais wa kampuni hiyo. Machi 2018 bosi mmoja wa kampuni hiyo alirekodiwa kwa siri na Channel 4 ya Uingereza akijisifu jinsi walivyofanya kazi katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017, hadi kuandika hotuba na ilani. Kampuni iliyofanya kazi kwa Trump 2016 ilikuwa imeshapita hapa. Kwa hiyo tusiseme haya mambo yatatufikia siku moja.

Mzee wa Kanisa

Nimekusikia, mwalimu. Hilo la Hungaria sikuwa nimelipata. Nitalipeleka kwa kikundi chetu cha wanaume Jumamosi.

Kijana wa Juni

Form ni gani wakubwa. Mimi niko kampasi, nilikuwa mjini tarehe 25 Juni 2024, kwenye maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Nataka kuongeza ya simu.

Huku wazee mnasoma ilani, sisi tunaona video za sekunde 30. AfD wamewapita wenzao wote Ujerumani kwenye TikTok kwa miaka kadhaa. Chuki inafanya mtu asimame kwenye video, akisimama mtambo unampa nyingine. Na hapa Nairobi tuna kesi kubwa ya jambo hilo. Desemba 2022 Meta, wenye Facebook, ilishtakiwa Mahakama Kuu ya hapa kuhusu machapisho ya chuki ya wakati wa vita vya Tigray, Ethiopia. Mmoja wa walalamishi baba yake, profesa, aliuawa baada ya kutajwa kwenye Facebook. Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Waliokuwa wakikagua machapisho hayo walikuwa vijana wa Nairobi, wakilipwa kidogo na wakiumia akili. Hiyo kesi tuifuatilie kuliko mechi ya Arsenal.

Pia Mwalimu, hoja yako ya vyama vya kawaida ina mfano wa karibu kuliko 2007. Moja ya mashtaka yaliyomng'oa Naibu Rais Rigathi Gachagua Oktoba 2024 lilikuwa matamshi kwamba serikali ni kama kampuni ya wenye hisa, waliopiga kura wale kwanza. Yeye alijitetea, sawa. Lakini hata waliomng'oa wanaongea lugha hiyo hiyo kwenye mikutano yao, wakigawana vyeo kwa jamii. Sisi Juni ile tulisema hatuna kabila, hatuna kiongozi, hatuna chama. Mwaka haukuisha, kwenye kila uzi wa siasa mtu anaulizwa jina lake la pili kwanza. Uchaguzi wa 2027 unakuja na hakuna aliyejiandaa.

Mwalimu wa Umoja

Kijana, mfano wako ni bora kuliko wangu, na nitautumia darasani.

Niongeze la kilichowahi kufanya kazi, maana mmenitumia jumbe mkiuliza kama kuna dawa. Julai 2024, kati ya duru ya kwanza na ya pili Ufaransa, zaidi ya wagombea 200 wa mrengo wa kushoto na wa kati walijitoa kwenye majimbo yao ili kura zisigawanyike. Chama cha Le Pen kilichoongoza duru ya kwanza kikamaliza cha tatu kwa viti. Watu waliacha viti vyao wenyewe. Sijawahi kumwona mgombea wa Nairobi akimpisha mpinzani wake kwa sababu ya mtu anayechochea. Tukipata hata mmoja 2027, katika wadi moja tu, nitaandika uzi mwingine.

La karibu zaidi ni hili. Mwaka huu kwenye kundi la WhatsApp la wakazi wa kota yetu, mtu alipendekeza wenye nyumba wasiwapangishie "wakimbizi", akimaanisha familia mbili za Kongo zilizohamia. Walionyamaza walikuwa wengi, na msimamizi wa kundi, mtu wa heshima zake, akaandika: "Tulijadili kwenye mkutano." Nilimpigia simu usiku ule ule nikamwomba asiliweke kwenye ajenda, kwa sababu likishaandikwa kwenye ajenda limekuwa jambo la kawaida la kupigiwa kura. Akakubali. Wale familia bado wapo, watoto wao wako darasa la tano.

Mama Shiko, Kasarani

Mwalimu na wengine asanteni. Mimi nina swali la mzazi tu, kwa huyo binti wa Ujerumani. Msichana wangu anasoma Kijerumani hapa mjini, amefika kiwango cha B1, anataka kwenda kusomea uuguzi kupitia ule mpango wa Kenya na Ujerumani uliotiwa sahihi Berlin Septemba 2024. Wakala anamwambia nafasi ziko upande wa mashariki, huko huko kwenu. Baba yake baada ya kusoma uzi huu amekataa. Nimruhusu?

Dada wa Erfurt

Mama, shikamoo. Mimi ningemruhusu, kwa masharti.

Asiondoke Nairobi kabla ya B2, kiwango kinachofuata. Wodini mgonjwa mwenye hasira anaongea haraka, na ukielewa unachoambiwa unaweza kujibu au kuripoti. Aulize jina la mji wenyewe, si jimbo tu. Erfurt, Jena na Leipzig kuna Wakenya, kuna makanisa, kuna watu wa kumpokea; kijiji chenye basi moja jioni akikatae. Amwambie mwajiri amuunganishe na mwanafunzi wa kigeni aliyeko hapo sasa, waongee kwa simu bila mwajiri kusikiliza. Mwajiri akisitasita, hilo ndilo jibu lake.

Akifika, ajue kuna sheria ya kutobaguliwa kazini tangu 2006, na kwa Thüringen kuna ofisi ya ushauri inaitwa ezra inayosaidia walioshambuliwa na wenye siasa hizi, bila malipo. Namba aiweke kwenye simu siku ya kwanza. Huyo wakala kama anadai pesa ya nafasi ya mafunzo, mwachane naye leo. Baba akitaka kuongea nami, nitumie ujumbe wa faragha, nipo zamu ya usiku hadi Ijumaa, kwa hiyo napatikana mchana wenu.